Limfoma chini ya hadubini: anza na lenzi ya 4

Ukisikia watu wa patholojia wanabishana juu ya slaidi ya tezi, mara nyingi ubishi haukuanzia kwenye hadubini. Ulianzia chumba cha upasuaji, au ndani ya kopo la fomalini, au kwenye buti la basi lililobeba kopo hilo kutoka wilayani. Limfoma, yaani saratani ya seli za limfu, husomwa kwa sura ya seli na mpangilio wake, na seli za limfu ni dhaifu: zinapondeka na kuoza upesi. Kwa hiyo nitaanza na kisu na kopo, ndipo nije kwenye seli. Wenzetu wa wodini wasiruke sehemu hii, maana inawahusu kuliko zote.

Kwanza, tezi ipi itolewe. Mgonjwa ana tezi shingoni, kwapani na kinenani; daktari anachukua ya kinenani kwa kuwa ni rahisi kuifikia na kovu halionekani. Mitoki ya kinena imeshapambana na kila kidonda cha mguu tangu utotoni, na ndani mna makovu, mafuta na limfosaiti (ndizo hizo seli za limfu, askari wa kinga ya mwili) zilizochangamka kwa sababu zisizohusu saratani. Chukua ya shingoni au ya juu ya mtulinga, ikikosekana ya kwapani. Kinena kiwe cha mwisho, isipokuwa kama huko ndiko kwenye uvimbe mkubwa. Wala usitosheke na kitezi kilicho juujuu kwa kuwa kimejileta chenyewe. Pembeni mwa limfoma huwa kuna tezi ndogo zilizovimba kwa kuchokozwa tu; jibu lake litasema hakuna saratani, na saratani iko sentimita mbili chini yake. Toa kubwa, nzima, pamoja na ganda lake.

Nasema nzima kwa sababu nusu ya jibu iko kwenye mpangilio wa tezi. Sindano nyembamba inakupa seli zilizotawanyika: inasaidia kujua kama ni usaha wa TB, saratani iliyosambaa kutoka koo, au kundi la limfosaiti linalotia shaka, basi. Sindano nene ina nafasi yake pale tezi ilipo ndani ya kifua au nyuma ya tumbo, ila uchukue vipande kadhaa, kwani kimoja chembamba kikibanwa kimekwisha.

Kubanwa ndiko kunakoua slaidi nyingi. Fosepsi ikishika tezi kwa nguvu, viini vya limfosaiti vinavutika na kuwa michirizi ya bluu, na hakuna kingamwili (kipimo kinachoshika protini fulani ya seli na kuitia rangi) wala profesa atakayevirudisha. Shika mafuta yaliyo kando, usishike tezi yenyewe. Kisu cha umeme nacho kikae mbali na ganda.

Tezi ikitoka, kama maabara iko jengo hilohilo, ifungwe kwenye gozi (shashi ya hospitali) lililoloweshwa maji ya chumvi na ifikishwe mara moja. Gozi kavu linanyonya maji ya seli za ukingoni. Kuielekeza tezi kwenye chupa ya maji ya chumvi na kuiacha ilale humo mpaka asubuhi ni kuitupa. Kama maabara iko mbali, fanya kazi mwenyewe hapohapo: ikate kwa wembe mpya, kwa kukingama na urefu wake, vipande vya milimita 3 hivi.

Kabla ya fomalini, gusisha. Kausha damu ya juu kwa kugusa karatasi ya chujio, kisha gusisha uso uliokatwa juu ya kioo cha slaidi mara moja na kunyanyua, bila kuburuta. Slaidi nne hadi sita zinatosha. Nusu ziache zikauke kwa hewa haraka, kwa ajili ya rangi ya Giemsa. Nusu zitumbukize kwenye alkoholi ya asilimia 95 zikiwa bado mbichi. Kazi ya dakika tano, gharama karibu na bure, na kwa uvimbe wa watoto inaweza kukuonyesha kitu ambacho slaidi ya nyama iliyogandishwa kwenye nta haitakuonyesha kamwe. Kipande kidogo kingine kiende kwenye kopo safi lisilo na fomalini, kwa ajili ya GeneXpert (mashine inayotambua vinasaba vya TB) na kuotesha vijidudu vya TB. Ukishatumbukiza vyote kwenye fomalini, kuotesha hakuwezekani tena.

Fomalini iwe ya asilimia 10 yenye bafa (chumvi za kuzuia asidi), na ujazo wake uwe mara 10 ya nyama, 20 ikiwezekana. Tezi kubwa iliyosukumwa ndani ya chupa ya sindano yenye fomalini kidogo ni picha tunayoikuta kila mara. Fomalini huingia ndani ya nyama polepole, kama milimita 1 kwa saa, na baada ya kuingia bado inahitaji muda kuzishika protini. Tezi ya sentimita 3 iliyotumbukizwa nzima inaiva ukingoni huku katikati ikioza, na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa kuoza hakusubiri. Ukija kuitazama, seli za ukingoni ni ndogo na nyeusi, za katikati zimevimba na kupauka, na msomaji asiye makini anaandika kwamba kuna aina mbili za seli. Saa 24 zinatosha kwa vipande vyembamba. Wiki tatu kwenye kopo zinafanya baadhi ya kingamwili zigome. Fomalini isiyo na bafa nayo huacha chembe za rangi ya kahawia iliyokoza, zinazofanana sana na rangi ya malaria. Kwenye bandama la mtu wa Pwani hilo linaweza kumpoteza hata mzoefu.

Kwenye kukata nta nina ombi moja tu: mikroni 3, zisizidi. Kwa mikroni 5 viini vinapandiana, vinaonekana vyeusi na vikubwa, na kila tezi inafanana na limfoma kali.

Sasa slaidi iko mezani. Mkono utataka kwenda moja kwa moja kwenye lenzi ya 40 kuzitafuta seli mbaya. Uzuie. Lenzi ya 4, inayokuza mara nne tu, ndiyo inayokuambia kama tezi bado ni tezi. Tafuta njia za limfu chini ya ganda: ziko wazi au zimefutika? Folikoli, yaani vifundo vya limfosaiti, ziko pembezoni tu, au zimejaa mpaka katikati? Kuna seli zilizovuka ganda na kumwagikia kwenye mafuta? Tezi iliyopoteza njia zake, folikoli zake na mpaka wake ina kesi ya kujibu. Iliyobakiza vyote hivyo usiiite limfoma kwa sababu ya seli tano kubwa.

Folikoli ndizo zinazogombanisha watu. Tezi iliyochangamka kwa maambukizi, hasa kwa mtu mwenye VVU, inaweza kuwa na folikoli kubwa za kutisha. Itazame vizuri. Folikoli ya kawaida ina pande mbili, upande mweusi wenye seli zinazogawanyika na upande mweupe. Ina seli walaji zilizobeba mabaki ya seli zilizokufa. Na imezungukwa na ukanda wa limfosaiti ndogo. Folikoli zenyewe hazilingani kwa ukubwa wala umbo. Kwenye limfoma ya folikoli zinasongamana, zinalingana, pande mbili zimepotea, seli walaji ni adimu na ukanda umesinyaa au haupo. Kingamwili ya BCL2 inamaliza ubishi mara nyingi: kitovu cha folikoli ya kawaida hakishiki rangi, cha limfoma hushika kwa wagonjwa walio wengi. Ila usome kitovu chenyewe. Ukanda wa pembeni na limfosaiti T hushika BCL2 hata kwa mtu mzima wa afya, na nimeshaona ripoti zilizosoma ukanda zikaita ni kitovu. Daraja hutolewa kwa kuhesabu sentroblasti (seli kubwa za kitovu) kwa wastani wa eneo moja la lenzi ya 40: 0 hadi 5 ni daraja la 1, 6 hadi 15 la 2, zaidi ya 15 la 3. Limfoma hii kwetu ni chache kuliko Ulaya, hivyo sitakaa nayo zaidi.

Lenzi ya 10 ni ya kutazama majirani: kovu, nyama iliyokufa, eosinofili (chembe nyeupe za damu zenye punje nyekundu), uvimbe-chembe (granuloma) wa aina ya TB. Hapa ndipo wagonjwa wengi wa Afrika Mashariki wanapopotea. Tezi shingoni, homa, jasho la usiku, kukonda: ni TB, na ni limfoma pia, dalili hazitofautishi. Wengi hupewa dawa za TB miezi kadhaa bila nyama kuchukuliwa. Na hata nyama ikichukuliwa, uvimbe-chembe peke yake haufuti limfoma, kwa kuwa limfoma ya Hodgkin inaweza kuwa nao tele. Tafuta vijidudu vya TB kwa rangi ya Ziehl-Neelsen, soma GeneXpert, halafu rudi utazame nyama iliyo katikati ya uvimbe-chembe mmoja na mwingine. Kwa mwenye VVU, magonjwa yote mawili yanaweza kukaa kwenye tezi moja. Pitia ganda la tezi pia: saratani ya Kaposi huanzia hapo na kwenye njia za limfu, michirizi ya seli nyembamba yenye chembe nyekundu za damu katikati.

Ndipo lenzi ya 40. Kila mtu husema seli kubwa, seli ndogo. Kubwa kuliko nini? Rula iko ndani ya slaidi yenyewe. Limfosaiti ndogo ina kiini kinachokaribiana na chembe nyekundu ya damu, mikroni 7 hivi. Kiini cha makrofeji, yaani seli mlaji, ndicho kipimo cha juu: kiini cha seli ya limfoma kikilingana nacho au kukizidi, au kikazidi mara mbili ya limfosaiti ndogo, hiyo ni seli kubwa. Kikiwa katikati ni seli ya wastani. Usipime kwenye eneo lililooza wala lililobanwa.

Seli ya wastani kwa mtoto mwenye uvimbe wa taya ndiyo iliyoipa kanda yetu jina kwenye vitabu vya patholojia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya kwa watoto wa Kiafrika akiuita sarkoma. Wanapatholojia wa Mulago, O'Conor na Davies, ndio waliosema hii ni limfoma, na leo inaitwa limfoma ya Burkitt. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr waliona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo kwa hadubini ya elektroni, na kirusi hicho ndicho kinachobeba majina ya Epstein na Barr hadi leo. Ramani ya ugonjwa inafuata ramani ya malaria kali ya mwaka mzima: pwani na kandokando ya maziwa mengi, milimani kwenye baridi adimu.

Seli zake zinafanana kupita kiasi. Viini ni vya duara, kromatini (nyuzi za vinasaba ndani ya kiini) ina mabonge madogo, nukleoli (vidoa ndani ya kiini) ni ndogo, mbili hadi tano, zimekaa katikati badala ya kubandikwa ukutani. Sitoplazimu, sehemu ya seli iliyo nje ya kiini, ni kidogo na ya bluu iliyoiva. Kwenye nyama iliyohifadhiwa kwa fomalini, mipaka ya seli jirani hunyooka na kukutana kwa pembe. Migawanyiko iko kila unapoweka jicho, na seli zinazojifia ni nyingi vilevile. Zinazojifia huliwa na makrofeji, ambazo huonekana kama madoa meupe kwenye bahari ya bluu. Vitabu huita anga lenye nyota.

Hilo anga limewadanganya wengi. Maana yake ni moja tu, kwamba seli zinazaliwa na kufa kwa kasi. Utalikuta kwenye limfoma ya limfoblasti (limfosaiti changa) na kwenye limfoma ya seli kubwa pia. Tena, nyama iliyohifadhiwa vibaya hupasuka matundu ambayo kwa lenzi ya 10 yanafanana na nyota. Panda lenzi ya 40: nyota ya kweli ina kiini cha makrofeji na makombo ya seli ndani. Tundu tupu ni tundu.

Slaidi za kugusisha zinalipa hapa. Kwa Giemsa, sitoplazimu ya bluu iliyokoza ina vitundu vidogo vyeupe vya duara, vilivyo safi kama vimetobolewa kwa sindano. Ni mafuta, na kwenye slaidi ya nta ni vigumu mno kuviona. Limfoblasti zina kromatini laini iliyosambaa na nukleoli usiyoiona vizuri, hata kama nazo mara mojamoja hupata vitundu. Uvimbe mwingine wa watoto wenye seli ndogo za bluu, yaani rabdomiosarkoma, nyuroblastoma na Ewing, huwa na seli zilizoshikana makundi. Seli za limfoma hutawanyika mojamoja, na chini yake utaona vipande vya sitoplazimu vilivyokatika, vya bluu, vimezagaa.

Kingamwili za Burkitt: CD20 na CD10 zinashika, BCL6 inashika, BCL2 haishiki au inashika kwa mbali, TdT (alama ya limfosaiti changa) haishiki, Ki-67 (alama ya seli zinazogawanyika) iko karibu asilimia 100. Ki-67 ya asilimia 80 ikufanye ufikirie tena, ila kwanza uliza nyama ilikaaje kwenye fomalini. Chanzo cha yote ni kipande cha kromosomu ya 8 chenye jeni ya MYC kuhamia mara nyingi kwenye kromosomu ya 14, kando ya jeni ya kutengeneza kingamwili. Maabara yenye uwezo wa FISH (kipimo cha kuona jeni zilizohama) italionyesha hilo. Isiyo nao, ikiwa na mtoto mwenye taya lililovimba, slaidi nzuri na kingamwili hizo, isikwame.

Hodgkin ni kinyume chake. Burkitt ni seli mbaya tupu. Hodgkin ni seli mbaya chache ndani ya umati wa seli nzuri, pengine moja kwa mia. Zitafute kwa lenzi ya 10 na 20, kwa kupitisha slaidi nzima safu kwa safu. Seli ya Reed-Sternberg, ndiyo seli mbaya ya Hodgkin, ikiwa kamili ina viini viwili au zaidi, au kiini chenye matawi mawili, na kila upande una nukleoli moja nyekundu inayokaribia ukubwa wa chembe nyekundu ya damu, imezungukwa na weupe. Wengi hung'ang'ania kuipata hiyo ya macho ya bundi. Zenye kiini kimoja ni nyingi zaidi, na kwenye aina yenye makovu kuna zile ambazo fomalini huzifanya zinywee ndani ya shimo jeupe. Lakini seli peke yake haitoshi. Homa ya tezi inayoletwa na Epstein-Barr kwa vijana hutoa seli zinazofanana nayo sana, melanoma pia, limfoma ya seli kubwa pia. Mazingira ya limfosaiti ndogo, eosinofili na seli za plazima lazima yawepo.

Kwenye kingamwili, CD30 inashika utandoni na kwenye nukta moja kando ya kiini, CD15 inashika kwa wengi ila si wote, PAX5 inashika kwa udhaifu, CD45 na CD3 hazishiki, CD20 haishiki au inashika seli chache. Mtego wake ni huu: limfosaiti T hupenda kuizunguka seli ya Reed-Sternberg, hivyo CD3 au CD45 huonekana kama pete. Ukisoma pete hiyo kama utando wa seli kubwa, umegeuza Hodgkin kuwa limfoma ya seli T. Fuata ukingo kwa lenzi ya 40: kama utando mmoja unagusa viini vidogo vingi kwa nje, rangi ni ya majirani.

Limfoma ya seli kubwa za B ni nyepesi kuitambua na rahisi kuikosea jina. Shingoni, saratani ya nyuma ya pua huingia kwenye tezi na kujificha katikati ya limfosaiti. Kipimo cha keratini (alama ya saratani kama hiyo) pamoja na CD45 (alama ya chembe nyeupe) vitangulie vingine vyote. Mdomoni kwa mwenye VVU, seli kubwa zenye sura ya plazima zinaweza kukosa CD20 kabisa. Usiseme si limfoma kabla ya CD138, alama ya seli za plazima. Na mgonjwa aliyekwisha kupata rituximab (dawa inayolenga CD20) anaweza kurudi na uvimbe usioonyesha CD20 tena, hivyo ongeza PAX5 au CD79a, alama nyingine za seli B.

Bajeti ikiwa finyu, nisingeagiza kumi kwa mkupuo. Kwa seli za wastani kwa mtoto: CD20, CD3, TdT, CD10, Ki-67, kisha BCL2. Kwa shaka ya Hodgkin: CD30, CD15, CD20, CD3, PAX5. Na kila slaidi ina shahidi wake ndani. Limfosaiti T zilizobaki lazima zishike CD3, B zilizobaki lazima zishike CD20. Zisiposhika, kipimo kimeshindwa, hata kama slaidi ya ulinganisho iliyokatwa kwenye tonsili nzuri imependeza. Sababu huwa ni kuchemsha kwa bafa ya pH isiyofaa, muda mfupi, au nyama iliyooza tangu mwanzo.

Kwenye ripoti, neno "limfoma" peke yake halimsaidii daktari wa saratani. Andika ukubwa wa seli, mpangilio, kingamwili zilizoshika na zisizoshika, na kama nyama ilikuwa mbovu, liandike hilo pia. Ukishuku Burkitt, usisubiri kingamwili: piga simu wodini siku hiyohiyo, kwa sababu uvimbe huu unaweza kujidabo ndani ya saa 24 hadi 48. Tiba ikianza, seli zinakufa kwa wingi na kumwaga potasiamu na asidi ya yuriki kwenye damu. Wodi inahitaji muda wa kumpa mtoto maji na alopurino (dawa ya kupunguza asidi ya yuriki) kwanza.

Jambo la mwisho ni la fundi wa maikrotomu, mashine ya kukata nta. Kila bloku (kipande cha nta chenye nyama) inaporudishwa mashineni, nyama nyingine hupotea kwa kusawazisha uso tu, na kwa sindano nene huenda mara ya tatu usikute kitu. Siku ya kwanza, kata slaidi ya rangi ya kawaida pamoja na kumi zisizo na rangi kwa mkupuo mmoja, kwenye vioo vinavyonata, uziandike namba na uzihifadhi pakavu. Kama kesi inapelekwa rufaa, zipelekwe hizo pamoja na zile za kugusisha, na bloku ibaki mpaka itakapoombwa.